Shajara ya mradi: maombi na msaada wa utume kwa kaskazini ya Msumbiji

Januari, wiki ya kwanza

Mradi una kazi mbili zinazokwenda bega kwa bega. Ya kwanza ni kuiombea Msumbiji kila siku kwa jambo lililo wazi. Ya pili ni kuyapatia makanisa ya Niassa, Cabo Delgado na Nampula vifaa vichache walivyoviomba wenyewe, ambavyo vikiharibika wataweza kuvitengeneza wenyewe. Orodha ya vifaa hutoka kwenye karatasi ya maombi. Kitu ambacho hakijawahi kuombewa kwa jina hakinunuliwi, hata kama fedha ipo.

Wiki hii imekwenda yote kwenye karatasi hiyo. Kipimo tulichokubaliana ni Warumi 15:30-32. Pale Paulo anaomba mambo 3: aokolewe na wasioamini wa Uyahudi, huduma anayoipeleka Yerusalemu ikubalike kwa watakatifu, na afike Rumi kwa furaha. Kila moja lina mahali, lina watu, na mwisho wake unaweza kujulikana. Ombi la kusema tu "Bwana, ibariki Msumbiji" ni jema, lakini jibu lake haliwezi kutambuliwa, na baada ya majuma machache watu hulitamka huku mawazo yako kwingine.

Kwa hiyo kila ombi linaandikwa kwa vipande 4: wapi, nani (bila jina), jambo gani, na tarehe ya kuuliza tena. Mfano mmoja uliosahihishwa leo. Ulivyoletwa: "Tuwaombee wainjilisti wa Niassa wapate usafiri." Ulivyochapishwa: "Niassa, vijiji vya kando ya ziwa. Wainjilisti 4 wanatembea kwa miguu, mvua imekata njia. Waombewe afya, viatu na chakula hadi mwisho wa Machi. Kuuliza tena: 5 Aprili." Tarehe ya kuuliza tena ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Bila hiyo, shukrani haiandikwi, na waombezi wanaombea mto uliokwisha kupwa.

Karatasi moja isizidi maombi 7. Kumi na mbili yalijaribiwa. Watu walisoma matatu ya juu wakaishia hapo.

Januari, wiki ya tatu: kalenda

Msumbiji ina majimbo 10, na jiji la Maputo linahesabiwa peke yake, jumla 11: Niassa, Cabo Delgado, Nampula, Zambézia, Tete, Manica, Sofala, Inhambane, Gaza, Maputo na Maputo Jiji. Kila juma jimbo moja, juma la 12 ni la shukrani tupu, halafu mzunguko unaanza upya. Mizunguko 4 inachukua majuma 48. Yanayobaki 4 yamewekwa kwenye juma la Pasaka, juma la uhuru mwezi Juni, juma la 4 Oktoba na juma la Krismasi.

Juu ya mzunguko huo zimepandishwa tarehe za taifa, kwa sababu siku hizo ndugu zetu wako mikutanoni na makanisani, na maombi yetu yanakutana na yao:

3 Februari, Siku ya Mashujaa. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa chama cha ukombozi cha Frelimo, aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam siku hiyo mwaka 1969. Alisomeshwa kwenye shule za misheni ya Kipresbiteri ya Uswisi kusini mwa nchi. Siku hii tunaombea shule za makanisa na walimu wake.

7 Aprili, Siku ya Wanawake, kumbukumbu ya Josina Machel, mpigania uhuru aliyefariki mwaka 1971, naye pia Dar es Salaam.

16 Juni, kumbukumbu ya waliouawa na utawala wa Kireno Mueda mwaka 1960. 18 Juni, Bernard Mizeki, mtoto wa Inhambane aliyekwenda kuhubiri kwa Washona na kuuawa huko mwaka 1896. Anafaa kukumbukwa sana: Msumbiji ilikuwa nchi ya kutuma wamisionari kabla wengi wetu hatujazaliwa. 25 Juni, uhuru wa mwaka 1975.

4 Oktoba, Siku ya Amani. Hii ndiyo nguzo ya kalenda. Mkataba wa mwaka 1992, uliomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, ulitiwa sahihi Rumi baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na miongoni mwa wapatanishi alikuwamo Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira. Ni kanisa lililokaa mezani miaka miwili na zaidi na watu wenye bunduki. Anayeombea Cabo Delgado leo, kwenye mapigano yaliyoanza 2017, ana mahali pa kushika.

25 Desemba huko huitwa Siku ya Familia. Kwa waliokimbia makwao neno hilo ni zito, na litaandikwa hivyo.

Jambo dogo lililoleta shida kubwa ni matamshi. Karatasi husomwa kwa sauti mbele ya kanisa, na msomaji akikwama kwenye jina, kanisa zima linakwama naye. Kila jina sasa lina matamshi pembeni: Niassa ni "Nyasa", Lichinga ni "Lishinga", Chimoio ni "Shimoyo", Quelimane ni "Kelimane", Xai-Xai ni "Shai-Shai", Mocímboa ni "Mosimbwa". Mchapaji aangalie pia herufi ç, ã na í. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, hutoka viboksi vitupu. Dawa ni kutuma PDF iliyobeba fonti zake ndani, siyo faili ya kuhariri.

Februari, wiki ya pili: saa

Maombi ya pamoja kwa simu yalikosana mara mbili mfululizo. Sababu ni mbili na zinapandana. Msumbiji iko nyuma yetu sisi wa Tanzania kwa saa moja. Halafu sisi tunahesabu saa tangu mapambazuko, wao wanahesabu tangu usiku wa manane. Aliyeandikiwa "saa 3 usiku" alielewa saa ya tatu baada ya usiku wa manane.

Kuanzia sasa muda unaandikwa kwa tarakimu 4 na mji: 20:00 Maputo, 21:00 Dar es Salaam, na mabanoni "saa 3 usiku" kwa ajili ya wazee wetu. Tangu iandikwe hivyo hakuna aliyepotea.

Februari, wiki ya nne: lugha za rekodi

Ombi lililorudi mara nyingi zaidi kutoka Nampula na Cabo Delgado ni Neno la kusikiliza. Wengi wa wanaokaa kwenye makambi ya waliohama hawasomi, na Kireno si lugha ya nyumbani kwao. Uamuzi: redio ndogo za sola zinazosoma memori kadi, 40 kwa awamu ya kwanza, moja kwa kila kikundi cha kusikiliza na si moja kwa mtu.

Kabla ya kununua kitu chochote, lugha. Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Kuandika "Kimakua" kwenye oda hakutoshi. Kimakua cha Nampula siyo Kimetto cha Montepuez na Balama, na hicho siyo Kishirima cha Maúa kule Niassa, wala kile cha pwani kinachoitwa Enahara. Wanaelewana kiasi, lakini kuelewana sokoni siyo kuelewana kwenye Waraka kwa Warumi. Kimakonde nacho: wa Mueda wanasema Shimakonde, wa kwetu Newala wanasema Chimakonde. Rekodi ya Newala ikichezwa Mueda inaeleweka, ila inasikika kama maneno ya mgeni.

Pwani, kuanzia Ibo na Quissanga hadi Mocímboa da Praia, lugha ni Kimwani, na kina maneno mengi sana yanayofanana na Kiswahili. Ufanano huo ni mtego. Mtu wa Kimwani atajibu "ndiyo" kwa Kiswahili chako kwa adabu tu, na wewe utadhani amekufuata. Kiswahili kisiwekwe badala ya Kimwani.

Kipimo cha lugha ni rahisi na hakina gharama. Wasikilizaji 3 wa rika tofauti, mmoja wao mwanamke mtu mzima, wanasikiliza Luka 15:11-32 mara moja. Kila mmoja peke yake anasimulia upya kwa maneno yake. Wakikosa sababu ya hasira ya kaka mkubwa, au wakisema mwana mdogo alifukuzwa badala ya kuondoka mwenyewe, rekodi hiyo si ya mahali pale. Usiwaulize kama wameelewa. Watasema wameelewa.

Ruhusa ya kunakili inaombwa kwa maandishi kwa mwenye rekodi, hata pale rekodi inapogawiwa bure. Barua za ruhusa zimefunguliwa faili lake.

Machi, wiki ya kwanza: kuandaa memori kadi

Hesabu kwanza. Sauti ya msomaji haihitaji ubora wa muziki. MP3 ya chaneli moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde inachukua karibu megabaiti 29 kwa saa. Agano Jipya la saa 20 na ushei linaingia kwenye megabaiti 600 hivi. Kadi ya GB 4 inatosha na nafasi ya mafundisho inabaki, kwa hiyo hakuna haja ya kununua GB 64. Na kubwa si bora: kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, redio nyingi za bei ndogo zinasoma FAT32 tu, na mtu atadhani redio ni mbovu.

Utaratibu uliokubalika baada ya kuharibu kundi la kwanza la kadi:

Kila kadi ijazwe mpaka mwisho kwa faili za majaribio, kisha zisomwe zote tena. Kadi bandia huandikwa GB 32 ilhali ndani ni GB 4. Ukinakili zinaingia bila kulalamika, lakini zilizozidi hazisomeki. Kosa hili halionekani dukani. Linaonekana kijijini, Yohana sura ya 6 inapokatika.

Fomati kwa FAT32. Faili ziitwe kwa tarakimu 3 mbele: 001, 002, 003. Redio nyingine hupanga kwa jina, nyingine hupanga kwa jinsi faili zilivyoingia. Ili kuwa salama na aina zote mbili, faili zinakiliwe moja baada ya nyingine kwa mfuatano, siyo kuburutwa zote kwa mkupuo. Kundi lililoharibika lilikuwa linaruka kutoka Mathayo 1 kwenda Mathayo 10, kwa sababu liliandikwa 1, 10, 11, 2.

Kiwango cha kilobiti kwa sekunde kiwe kisichobadilika mwanzo hadi mwisho. Faili za kiwango kinachopandashuka hugandisha redio rahisi. Na kama kompyuta ni ya Apple, futa faili zilizofichwa zinazoanza na nukta na mstari wa chini. Redio inazihesabu kama nyimbo na kukaa kimya dakika nzima juu yake.

Kila kadi pia ina mafundisho mafupi ya afya. La kwanza ni kipindupindu, na sababu imeandikwa kwenye kalenda ya Aprili.

Machi, wiki ya tatu: usalama wa habari

Mapigano ya Cabo Delgado yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Karatasi yetu ya maombi inaweza kukutwa kwenye mfuko wa mtu kizuizini. Kwa hiyo inaandikwa kama itakayosomwa na yeyote.

Eneo linatajwa kwa jimbo au wilaya tu, kijiji hakitajwi. Majina ya watu hakuna, hata ya kwanza. Habari ya safari inachapishwa baada ya msafiri kurudi. Picha za nyuso haziombwi, tukitumiwa, hazisambazwi. Picha za vifaa zinaondolewa taarifa za mahali kabla ya kutumwa, maana simu huandika ndani ya picha ilipopigwa. Njia ya haraka ni kupiga picha ya skrini ya picha hiyo na kutuma hiyo ya pili.

Limo na jambo la msamiati, na hili lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote. Sisi waombaji tumezoea lugha ya vita: jeshi la Bwana, kuteka mji, kubomoa ngome, kushambulia kwa maombi. Ndani ya kanisa letu kila mtu anajua maana yake. Kwenye wilaya ambako nyumba zimechomwa kweli, karatasi iliyoandikwa "tuuteke mji wa fulani kwa ajili ya Yesu" inaweza kumgharimu ndugu maisha, na pia inamdhulumu jirani Mwislamu aliyekimbia pamoja naye akiwa na mtoto mgongoni. Maneno hayo yameondolewa yote. Badala yake: tuwaombee, tuwahudumie, mlango wa Neno ufunguliwe, kama Paulo alivyoomba kwenye Wakolosai 4:3 akiwa kifungoni. Hakuna kilichopungua kwenye maombi kwa kuondoa maneno hayo.

Na karatasi ya Cabo Delgado inaombea waliohama wote, Wakristo na Waislamu. Wote wanalala chini ya turubai moja.

Aprili, wiki ya kwanza

5 Aprili: wainjilisti wa Niassa wameulizwa kama ilivyopangwa. Wote 4 wana afya, mmoja aliugua malaria akapona. Mvua imepungua. Shukrani zimeandikwa na ombi limefungwa. Sasa wanaomba baiskeli.

7 Aprili kwenye kalenda ina mistari miwili. Mbali na Siku ya Wanawake, ni tarehe ambayo mwaka 2024 chombo cha uvuvi kilichojaza watu kilizama karibu na Ilha de Moçambique, wakafa zaidi ya 90, wengi wao watoto. Walikuwa wanakimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Uvumi wa namna hiyo si mpya Nampula, na mara nyingi huwageukia wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji. Kwa hiyo tunaombea kweli isikike, na tunaipeleka kwenye kadi ile ile iliyobeba Injili: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta, mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kuacha na apelekwe kituoni. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo kipimo kinarudiwa mara 3 kwenye rekodi. Fundisho limesomwa na mama wa pale pale Nampula. Sauti ya mgeni kwenye jambo hili huongeza uvumi badala ya kuuzima.

Mei, wiki ya pili: mzigo wa kwanza

Njia iliyochaguliwa ni Mtambaswala, kupitia Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 juu ya Ruvuma, hadi Negomano na Mueda. Kabla ya Mei hairuhusiwi kwenye mpango wetu. Masika barabara ya udongo upande wa pili hushika magari, na mzigo wa vifaa vya umeme haupaswi kulala kwenye tope.

Karatasi za forodha: orodha ya vitu kwa Kireno, idadi, thamani ya kila kimoja, barua ya kanisa linalopokea yenye muhuri na namba yake ya mlipakodi, NUIT, ambayo ina tarakimu 9. Orodha isiandikwe "vifaa vya kanisa". Iandikwe "redio za sola 40, memori kadi 40, tyubu za baiskeli 24". Neno la jumla hufunguliwa, huhojiwa na huchelewesha. Thamani ziwe za kweli. Mtu akishauri zipunguzwe ili ushuru ushuke, ushauri huo haukubaliwi: mradi unaoombewa alfajiri hauwezi kudanganya adhuhuri.

Baiskeli zenyewe zimenunuliwa Lichinga, siyo kubebwa kutoka huku. Ya mtaa ina fundi wa mtaa na vipuri vya mtaa. Vilivyobebwa ni vipuri vinavyoadimika. Kabla ya kununua spoki, hesabu: baiskeli nyingine zina 32 mbele na 40 nyuma, nyingine 36 kote, na urefu hutofautiana. Zinazokatika ni za nyuma, kwa sababu ya mzigo wa keria. Kota pini za pedeli nazo zina unene wa aina mbili, milimita 9 na 9.5, nyembamba kwenye tundu pana hulegea, mtu anaigonga kwa jiwe, inapinda, na mkono wa pedeli unakufa kabisa. Kila mwinjilisti amepewa kota pini 4, solusheni, viraka, pampu na spana. Mwaka 1995, Baraza la Kikristo la Msumbiji lilipoanza kukusanya silaha chini ya uongozi wa askofu Dinis Sengulane, waliorudisha bunduki walipewa majembe, cherehani na baiskeli. Baiskeli ina historia njema nchi ile.

Juni, wiki ya kwanza: fedha

Kila fedha inayotumwa inaandikwa namba 3: iliyotoka kwa shilingi, iliyopokelewa kwa metikali (fedha ya Msumbiji), iliyotumika kwa metikali. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni gharama ya kubadilisha na kutuma, nayo ina safu yake. Mwanzoni ilikuwa inafichwa ndani ya "usafiri", na ikaonekana kama ndugu anayepokea anapunja. Hakupunja hata senti. Daftari lilikuwa limeandikwa vibaya na sisi, na tumemwomba radhi kwa barua.

Fedha haitumwi tena kwa simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Simu hupotea, laini hufungwa, na msiba humkuta mtu. Wapokeaji ni 2, kila mmoja anathibitisha kivyake. Paulo alifanya hivyo na sadaka ya Yerusalemu, 2 Wakorintho 8:20-21, na hakufanya kwa sababu alimshuku Tito.

Risiti za mashine hufifia kwa joto ndani ya miezi michache. Zinapigwa picha siku ile ile na kunakiliwa ndani ya wiki.

Julai, wiki ya tatu: paa

Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado Aprili 2019, na Chido kikatua Mecúfi 15 Desemba 2024. Msimu mwingine unaanza Novemba, kwa hiyo kazi ya paa hufanyika sasa. Kanisa lililosaidiwa lina kuta za miti na udongo, urefu mita 10, upana mita 6. Ombi lao lilikuwa mabati. Baada ya kuzungumza na fundi wao, fedha nyingi zaidi imekwenda kwenye kufunga paa kuliko kwenye mabati.

Upepo hauvunji bati kwa kulisukuma chini, hulinyanyua. Huingia mlangoni, hujaa ndani, na kutafuta pa kutokea juu. Kwa hiyo: mlango wa pili umefunguliwa upande wa pili ili upepo upite. Nguzo zimechimbiwa sentimita 90, na chini ya kila moja kimepigiliwa kipande cha mti cha kukingama ili isichomoke. Sehemu ya kuzikwa imepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Kila kenchi imefungwa kwenye nguzo kwa waya wa mabati wa milimita 3 uliozungushwa mara 2 na kukazwa kwa koleo. Msumari peke yake hauzuii kunyanyuka. Hutoka jinsi ulivyoingia. Paa lina pande 4 badala ya 2, mwinamo wa nyuzi 30, na halitokezi nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45. Kibaraza kipana kinachopendwa kwa kivuli kimejengwa peke yake, hakikuunganishwa na paa. Kikiruka, kitaruka chenyewe.

Misumari ya bati: kingoni na kwenye kofia, kila mgongo wa bati, katikati, kila mgongo wa pili. Fundi alitaka kupunguza ili ibaki. Alipoonyeshwa bati la zamani lililochanika kuanzia kingoni, aliongeza mwenyewe.

Agosti, wiki ya pili: redio baada ya miezi mitatu

Zilizozimika ni chache, na karibu zote zina kosa moja. Betri ya lithiamu ya volti 3.7 ikiachwa ikaisha kabisa na kukaa hivyo kwa majuma, saketi ya ulinzi hukata na redio haiwaki tena hata ikianikwa kutwa. Hili hutokea kwa redio inayotunzwa sana: imefungwa kitambaa, imewekwa sandukuni, inatolewa Jumapili tu. Agizo jipya ni kuianika kila baada ya siku 7, itumike isitumike.

Kosa la pili ni la joto. Redio huwekwa juu ya paa la bati ili watoto na kuku wasiifikie. Bati la saa 7 mchana linaichoma betri kutoka chini huku jua likiipiga juu. Redio za awamu ya pili zitakuwa na paneli ya waya: paneli juani, redio kivulini kwenye mkeka.

Kikundi kimoja cha Montepuez kimeomba kadi ya pili. Wamemaliza Agano Jipya mara 2, na wameuliza kama Ruthu ipo kwa Kimetto, kwa sababu wajane ni wengi kambini. Ombi hili limewekwa la kwanza kwenye karatasi ya Septemba. Kuuliza tena: 30 Septemba.

Septemba, wiki ya nne: mkesha wa 4 Oktoba

Mkesha ni usiku wa 3 Oktoba, 21:00 hadi 05:00 Dar es Salaam, yaani 20:00 hadi 04:00 Maputo. Saa 8 zimegawanywa nusu saa 16: majimbo 11, kisha waliohama, watoto walio mbali na wazazi, wanaoshika silaha, wapatanishi, na shukrani. Vipindi vya 02:00 hadi 04:00 Dar es Salaam ndivyo hulegea kila mwaka. Vimepangiwa watu wawili wawili, na mmoja wa kila jozi ni kijana. Zaburi za kusoma zimechapwa kwa Kiswahili upande mmoja na Kireno upande wa pili, kwa sababu mara hii makanisa mawili ya Nampula yatakuwa kwenye simu tangu mwanzo hadi alfajiri.

30 Septemba, nyongeza: Ruthu kwa Kimetto imepatikana kwa mwenye rekodi, sura zote 4, na ruhusa ya kunakili imeandikwa. Itachukua megabaiti 10 hivi. Kadi 6 zimenakiliwa leo, zimejaribiwa, na zinangoja msafiri.